Ile Chupa ya Moshi

Mwende wangu,

Baridi ya Skotlandi haijakumaliza? Sisi hapa mtaani Jericho tu wazima. Goti la mamako limepona, na ameanza tena kunigombeza.

Umeuliza uniletee wiski gani. Miaka ya tisini, mzungu niliyekuwa dereva wake alipohama aliniachia chupa mbili za huko uliko. Nilimwita jirani yetu Wafula, tukazionja Jumapili mchana kwa glasi za chai. Moja ilikuwa tamu kama asali. Nyingine ilinuka moshi, na Wafula akasema ni kama kulamba masizi.

Nyanyako, ambaye hakuwahi kugusa pombe, aliacha chapati zake akaja kuinusa. Akafumba macho.

"Mama alikuwa akifukiza kibuyu cha maziwa hivi hivi," akasema. "Tulikuwa mimi na yeye tu, halafu ananiambia..."

"Mama wa kanisa amelewa kwa kunusa!" nikapiga kelele. Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Yeye akaweka glasi chini, akarudi jikoni.

Sikuwahi kumuuliza mamake alikuwa akimwambia nini. Sasa nyanyako hayupo tena.

Niletee ile ya moshi. Daktari amenikataza kunywa, lakini kunusa hajanikataza.

Babu yako