Nyumba ya Juu na Msiba wa Sindo

KITUO CHA POLISI, MIGORI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Bathsheba Nyatichi
Umri: Miaka 54
Kazi: Fundi wa nguo
Dini: Msabato
Makao: Nyumba ya juu, ploti ya Nyamweya, nyuma ya soko, Migori
Tarehe: Jumatatu, 1 Septemba 1997

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nasema haya mbele ya Konstebo Ongeri, kwa Kiswahili, na hakuna aliyenilazimisha. Namjua mshtakiwa, Stanley Nyamweya, tangu akiwa anavaa kaptura.

Mwaka 1977 marehemu mume wangu alikodi nyumba ya juu kwa miaka ishirini kutoka kwa Mzee Nyamweya, baba yake Stanley, akalipa yote mara moja. Mzee alikuwa muungwana. Waliandikiana kwamba mkataba ukikaribia kuisha tunaweza kuongezewa miaka mingine ishirini, ila tumwambie mwenye ploti mbele ya mashahidi wawili, tukiwa bado tunaishi humo. Tusipofanya hivyo, nyumba inarudi kwake. Siku ya mwisho ilikuwa jana, Jumapili, tarehe 31 Agosti.

Mzee alifariki na ploti ikaenda kwa Stanley. Huyu anataka kugeuza nyumba yangu iwe lojing. Pale nilipomlea Liz wangu na kumuuguza mume wangu mpaka akafa, yeye anataka kuweka vitanda vya kukodisha kwa saa. Tangu mwezi wa tano nimemtafuta ili nimwambie nataka kuongezewa. Akinikuta peke yangu ananisalimia vizuri sana. Akiniona na mtu mwingine, anaingia chooni. Mwanaume wa miaka arobaini, ana gari, anajificha chooni asisikie maneno ya mjane.

Mnamo Alhamisi, tarehe 28 Agosti, jioni, Stanley alikuja juu kwangu mara ya kwanza tangu azike baba yake. Alikuwa amebeba pakiti ya sukari ya kilo mbili. Akakaa, akainamisha kichwa, akasema, "Mama Liz, pole sana. Wachuuzi wa samaki wameniambia dada yako wa Sindo ametuacha. Watamzika Jumamosi. Beba hii sukari, isaidie watu wa matanga."

Dada yangu huyo ni Bonareri, mdogo wangu, tumbo moja, na hapa plotini wote wanamjua kwa sura. Nililia. Sioni haya kusema nililia mbele yake, na yeye akanishika bega.

Alipoondoka ndipo nikaanza kufikiri. Bonareri ni Msabato kama mimi, na nyumba yake yote ni Wasabato. Sisi hatuziki Jumamosi. Hata maiti iwe inangoja, itangoja Sabato ipite. Majirani wengine huku wote wanazika Jumamosi, kwa hiyo mwongo asiye na habari angesema Jumamosi. Lakini Stanley si mgeni. Mama yake alikuwa shemasi kanisani kwetu, na yeye mwenyewe alikariri mafungu ya Biblia pale mbele akipewa peremende. Ameacha kanisa mpaka amesahau lile ambalo hata mtoto wa darasa la Sabato analijua. Njia ya mwongo ni fupi, ila sikutegemea iwe fupi hivyo.

Hata hivyo nilikwenda. Damu ni nzito, na ningekaa Migori nikijiambia ni uongo, kumbe ni kweli? Ijumaa asubuhi nilivaa nguo za msiba, nikafunga mlango, nikabeba begi na ile sukari. Stanley alikuwa kando ya barabara, akanipungia mkono.

Nilifika Sindo saa tisa mchana. Kwa desturi mtu hulia akiwa bado langoni, lakini mimi nilinyamaza, nikachungulia. Bonareri alikuwa uani anageuza omena, wale dagaa wa ziwani, wakauke juani. Aliniangalia akasema, "Dada, mbona umevaa hivyo? Nani amekufa?"

Nikamwambia, "Wewe."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimshika mikono yote miwili, nikashindwa kumwachilia.

Tulishika Sabato pamoja. Jumamosi jua lilipozama tukapanda lori la samaki linalopitia Karungu, mimi na yeye. Jumapili kabla hakujapambazuka tulikuwa ndani ya nyumba yangu. Tulipitia ngazi ya nyuma.

Saa tatu asubuhi nikasikia viatu vikipanda ngazi. Nilisikia Stanley akisema, "Shuhudieni wenyewe. Huyu mama alishahama, alienda kwao Sindo, dada yake alikufa. Mkataba umeisha na nyumba ni tupu." Aliokuja nao walikuwa Bichage wa buchari na Mama Robi anayeuza viazi chini. Kisha akaanza kuvunja mlango kwa mtaimbo.

Konstebo ameniuliza kwa nini sikufungua. Sikufungua kwa sababu hakubisha.

Mlango ulipoanguka, Bonareri alikuwa amekaa kwenye kiti akitazama mlangoni, kikombe mkononi. Mtaimbo ulimponyoka Stanley. Mama Robi alipiga nduru akakimbilia ngazi, nikamwita, "Mama Robi, rudi! Huyu ni mzima, na mimi nakuhitaji." Alirudi akishika ukuta.

Nikasema, "Bwana Stanley, mbele ya Bichage na Mama Robi, mashahidi wawili uliowaleta mwenyewe, nami nikiwa naishi humu, nataka niongezewe miaka ishirini kama baba yako alivyoandika. Mmesikia?"

Bichage akasema, "Tumesikia." Mama Robi akasema amesikia pia.

Stanley akasema, "Mama Liz, hii mambo si tungeongea tu polepole?"

Mimi simchukii. Namdharau. Hiyo nataka iandikwe. Angeniibia viti ningesema ni mwizi kama wezi wengine, lakini alikaa kwenye kiti changu akaniliza kwa ajili ya ndugu yangu aliye hai, ili apate mahali pa kuweka vitanda. Baba yake angeona aibu.

Bonareri alimmiminia chai akamwambia, "Kunywa, mzee. Umetoka mbali kuja kunizika. Sukari ni ile yako." Hakunywa. Alishuka ngazi bila mtaimbo wake.

Nataka mlango wangu utengenezwe na aliyeuvunja. Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: B. Nyatichi

Nimemsomea shahidi maelezo yake, akasema ni sawa. Aliombwa aondoe neno "namdharau", akakataa. Vielelezo vilivyopokelewa: mtaimbo mmoja, pakiti moja ya sukari, imefunguliwa na imepungua. Marehemu Bonareri amefika kituoni mwenyewe, naye anangoja nje kuandika maelezo yake.

Konstebo Ongeri