Muulize Mama Najma

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimetajwa redioni! Mie, niliyekaa ndani hapa Segerea na nguo zangu nyeupe za eda, hata gengeni siendi.

Saa moja na nusu nilikuwa nimeshakaa karibu na redio nasubiri tangazo la marehemu mume wangu. Marijani alilirekodi mwenyewe mwaka jana, hakutaka mtu mwingine alisemee duka lake. "Marijani Mapazia, Buguruni. Pazia zito, pazia jepesi, la mlango, la dirisha. Usiniamini mie, muulize mama Najma!" Halafu anacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. Tangu nimeingia eda nalisikiliza kila asubuhi. Wajane wengine wana picha, mie nina tangazo.

Likaisha. Ferdinand, mtangazaji wa kile kipindi cha asubuhi, akadakia hapo hapo: "Mama Najma mwenyewe yuko eda. Ukimuuliza habari ya pazia, naye atakuuliza, wewe umeoa?" Wenzake studio wakaangua kicheko.

Na mie nikacheka. Peke yangu, mpaka chai ikanipalia. Ferdinand ni mtani wetu — yeye Mnyamwezi, Marijani Mzaramo, hawakuwahi kusalimiana bila matusi. Siku ya mazishi alilala chali mlangoni, jeneza halitoki mpaka ashonewe upya pazia lake, eti marehemu alilishona fupi, wageni wanaonekana miguu. Watu walicheka katikati ya kilio. Wakampa kanga, wakasema mwacheni, ni mtani wetu huyo, ndipo akainuka.

Ila najiuliza. Utani wa msiba unaishia wapi? Arobaini imeshapita.

Jumanne, 5 Agosti

Binti yangu Najma amerudi kutoka chuoni na simu mkononi, uso umemshuka. Kuna mtu amekata yale maneno ya Ferdinand akayasambaza. Maneno tu. Mlango, jeneza na pazia fupi havimo. Watu wamewaka, wanasema amewatukana wajane, amechezea eda.

Zubeda, jirani yangu wa ukuta mmoja, amekuja amenuna kwa niaba yangu. Nimemwambia yule ni mtani. Akasema utani ni wa matangani, redioni wanasikiliza watu wasiokujua wala wasiomjua mtani wako. Nikamwekea chai. Sipendi Zubeda akisema la kweli.

Kisha Najma akanisomea aliyoandika mjane mmoja wa Kinyerezi. Kaka wa marehemu mumewe kamkuta uani anaanua nguo, akamuuliza kwa kejeli: "Vipi, umeshaanza kuuliza nani kaoa?" Wakacheka na rafiki zake. Yule dada akaziacha nguo kwenye kamba, akaingia ndani.

Hilo limenichoma. Mie nina mtani. Yeye ana nani?

Alhamisi, 7 Agosti

Jambo la ajabu. Magodoro yameondoka!

Siku zote saa kwenye kipindi kile huletwa na kampuni ya magodoro. Hata usipotaka kujua saa ngapi, utajua ni saa ya godoro. Leo Ferdinand katamka, "Saa mbili kamili asubuhi," akanyamaza. Saa ya yatima. Akapiga singeli haraka haraka kuziba pengo.

Sijawahi kusikiliza redio hivi. Zamani matangazo yakianza nilikuwa naenda kugeuza chapati. Sasa muziki ndio unanichelewesha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nilidhani sikukuu itawafanya wasahau. Wapi! Rangi za nyumba hazikusikika. Matangi ya maji hayakusikika — na lile tangazo la matangi nililichukia, mtoto analia kiu mwanzo mpaka mwisho. Leo nimemkumbuka.

Natamani kujua inakuwaje. Wenye matangazo wanapiga simu? Wanaaga? Au asubuhi mtu anafika tu kazini anakuta hawamo? Najma anasema wanaandika kwamba "maadili yao hayaendani." Magodoro nayo yana maadili! Nimecheka, kisha nikajizuia. Kuna watu pale studio wanakula kwa hayo magodoro.

Jumapili, 10 Agosti

Shemeji Abdulsamad amekuja. Yeye ndiye mdogo wake Marijani, na duka analiendesha yeye sasa. Akakaa barazani, mie sebuleni, pazia katikati. Pazia lenyewe kashona Marijani, zito sawasawa, lakini sauti inapita.

Akasema dukani hapakaliki. Wateja wanamuuliza inakuwaje anaendelea kumlisha anayemtukana mke wa kaka yake. Wenzake wote wa Buguruni waliokuwa na matangazo pale wameshatoka. Nikamkumbusha utani. Alikuwepo mazishini, aliona.

"Shemeji, mie najua na wewe unajua. Mteja hajui. Neno ni lako, lakini kwangu mie tuondoke."

Nikamwambia anipe siku mbili tatu.

Sikumwambia sababu yenyewe. Naiandika hapa kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu: tukitoka, Marijani hatasikika tena. Jioni nilimdokezea Najma. Akasema kirahisi tu, mama nitakuwekea kwenye simu, usikilize ukitaka. Mtoto ana huruma, ila hajaelewa. Kwenye simu namwita mie. Redioni anakuja mwenyewe, saa moja na nusu, saa ileile aliyokuwa akirudi na vitumbua. Namkosa. Namkosa mpaka mbavu zinauma.

Jumatatu, 11 Agosti

Amebaki Marijani peke yake.

Kila wakienda mapumziko, ni yeye. Pazia zito, pazia jepesi. Wakirudi, wakienda tena, ni yeye. Mwanzoni nilifurahi kama mwari, nikaacha hata kazi. Baadaye nikaanza kumhurumia. Mtu mzima anaongea peke yake kwenye nyumba ambayo wenzake wote wamehama, halafu anacheka.

Zubeda kaingia bila hodi. Anasema huko nje wanasema familia ya Marijani haina haya. Wengine wanasema mjane mwenyewe amefurahia kutajwa. Nikamuuliza wengine ndio nani. Akaangalia dari.

Ferdinand ameomba radhi saa tatu. "Kama kuna aliyeumia." Kama! Dada wa Kinyerezi kaumia, "kama" ya nini? Lakini jambo moja limenishangaza: hakuutaja utani kabisa. Yule mwenye mdomo wa kuamsha mtaa, kwa nini asijitetee?

Nimewaza mchana kutwa, na nadhani nimejua. Mtani hajitetei. Siku ile mlangoni hakusema "mie mtani." Alilala tu, akasubiri wafiwa waseme. Wafiwa wasiposema, yeye ni mlevi tu aliyelala njiani kwa jeneza.

Sasa amelala tena. Na mfiwa ni mie.

Jumatano, 13 Agosti

Naandika chumbani, mlango nimeurudishia. Sebuleni kuna mgeni.

Ni Jovina, mwandaaji wa kipindi. Wamemtuma yeye kwa kuwa mwanamume asingeingia. Msichana mpole, kavua viatu nje kabisa, kaniamkia shikamoo, kajifunga kanga ya Najma juu ya suruali bila kuambiwa. Ametoa simu, kaiweka juu ya stuli. Anataka dakika moja ya sauti yangu.

"Mama, sema tu kwamba ni mtani wenu. Hakuna mwingine anayeweza kusema. Na nyie mkitoka, Ijumaa kipindi kinafungwa."

Nilimuuliza maswali yangu yote, sikuweza kujizuia. Wanapiga simu au wanaandika? Wanaandika. Ferdinand anakula? Hali. Na yule dada wa Kinyerezi, kuna aliyemtafuta? Hapo Jovina akainamisha kichwa.

Kabla sijajibu, Abdulsamad akabisha barazani. Zubeda ndiye kampigia, nina hakika. Akasema kutokea nje ya pazia kwamba ananiheshimu, ila nifikirie. Mjane yumo edani, sauti yake itoke redioni asubuhi kumtetea mwanamume? Si watasema Ferdinand alisema kweli?

Na kweli watasema. Ya dini nitamuuliza shehe. Ya watu nimuulize nani?

Nikisema ni mtani tu, nimemwinua Ferdinand na yule dada nimemwacha uani na nguo zake. Nikinyamaza, mtani wa mume wangu anakanyagwa mlangoni kwangu, na Marijani anazimwa. Labda niseme yote mawili, kwamba kunitania mie ni ruhusa, yule dada si ruhusa, na Ferdinand aende Kinyerezi kuomba radhi bila "kama." Dakika moja inatosha hayo?

Nilikuwa nawaza hivyo, redio ikaenda mapumziko. Pazia zito, pazia jepesi, la mlango, la dirisha.

"Usiniamini mie, muulize mama Najma."

Akacheka. Jovina akaniangalia. Nje ya pazia Abdulsamad akakohoa.

Nikawaambia naomba dakika nifunge vizuri mtandio wangu. Mtandio nimeshaufunga zamani. Jovina anasubiri, nasikia kijiko kinagonga kikombe. Shemeji naye hajaondoka, viatu vyake navisikia vinazunguka barazani.

Nimekunywa maji. Nimesafisha koo. Nimelisafisha tena, taratibu, wasisikie.