Spana ya Kumi na Tatu

Debba, Jumatatu, msimu wa tende

Ndugu yangu Dafalla,

Kabla ya yote, kifurushi alichokuletea dereva pamoja na barua hii kiweke chini. Usikifungue. Naijua mikono yako, tangu utotoni ilikuwa ikitangulia akili. Soma kwanza mpaka mwisho.

Haya, sasa nikusalimu. U mzima? Kifua kimepoa, au unyevu wa bahari huko Bur Sudani bado unakukohoza? Mkeo hajambo? Mimi namshukuru Mungu, niko salama, isipokuwa goti la kushoto limeamua kuzeeka kabla yangu. Mkwe wangu, mama yake Awad, anakusalimu. Tende za mwaka huu ni nyingi, ndege wenyewe wamechoka kuzila.

Utashangaa mwandiko. Barua zangu zote huandika mkwe wangu, mimi nasema, yeye anaandika na kupunguza matusi. Hii nimeiandika mwenyewe, kwa herufi nilizofundishwa uzeeni kwenye darasa la wanawake, na leo ni siku ya nne niko nayo. Palipokosewa usicheke. Kuna maneno mtu hawezi kumtamkia mkwewe ayaandike.

Kwanza nikugombeze, ni haki yangu, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ukinikojolea. Fundi mzima, uliyefundishwa pampu na marehemu mume wangu hadi ukampita, umekaa pwani unauza vitunguu. Dereva wako ameniambia alikuomba uisikilize injini yake tu, usiishike, uisikilize, nawe ukamjibu kwamba mikono yako ilishakufa. Mikono haifi kabla ya mwenyewe, Dafalla. Na eti mpaka leo unasimulia watu kwamba Hamdan, utingo wa marehemu mwanangu Mirghani, alikuibia spana. Miaka ishirini na mitatu unamdai maskini wa watu spana.

Habari za hapa ni za Naga, lori la Mirghani. Unajua tangu walipolivuta lori kutoka jangwani na kulirudisha, limesimama nyuma ya ukuta wangu, jina bado linasomeka juu ya kioo, kuku wanataga chini ya kiti cha dereva. Awad sasa ni mwanamume mwenye ndevu. Yule aliyezaliwa siku kumi na mbili baada ya kumzika baba yake ameona tende zinaoza hapa kwa kukosa bei, akasema atalifufua lori la baba yake alipeleke Omdurmani kwa njia ileile. Mama yake akalia. Mimi nikamwambia injini hiyo ni kaburi, aiache. Akanicheka, akasema bibi, kaburi gani lina rejeta.

Wiki iliyopita akafika kwenye pampu ya dizeli. Akaniita. Nilimkuta ameupangusa vumbi mstari ule ulioukata kwa tindo kuonyesha pampu ikae wapi, nusu juu ya pampu, nusu juu ya mwili wa injini, ukang'aa kama umeuchora asubuhi hiyo. Nusu hizo mbili hazikutani. Zimeachana unene wa ukucha. Akaniambia watu wote wamekuwa wakisema babu Dafalla alisahau kukaza nati, pampu ikateleza njiani. Lakini nati zimekazwa, bibi, zimekazwa mpaka kona moja imeliwa. Pampu iliyokazwa hivi haitelezi. Kuna mtu aliiweka hapa kwa makusudi. Kisha akatema mate, akasema kumbe babu hakusahau, babu alimuua baba yangu akijua, na akija mji huu hatampa mkono.

Nilirudi ndani nikakaa. Ulikuwa mchana, saa ile wanaume wakishakula wanalala. Mimi silali mchana tangu mwaka ule, na hili sijawahi kumwambia mtu. Saa hiyo Naga huwaka. Sikudanganyi, na akili yangu haijaharibika. Nasikia injini baridi inakohoa nyuma ya ukuta, inagonga kwa uzito, haichanganyi, na ule moshi mweupe unakuja mpaka jikoni, machozi yananitoka. Nikienda kutazama, kuku wamelala. Ndoto za mwanangu sijawahi kuziota, hata moja. Anakuja hivyo tu, kwa mngurumo, anangoja injini ipate moto. Ndiyo maana kila mchana namwaga kikombe cha maji kwenye gurudumu la mbele. Mkwe wangu anadhani nawanywesha kuku.

Sasa kumbuka siku ile, Dafalla, nami nikusimulie kwa jicho langu. Mirghani alikuwa amepakia tende tayari, anataka kuwawahi wenzake sokoni. Wewe ulikuja asubuhi kumwekea pampu. Ulizungusha injini kwa mkono mpaka alama ya gurudumu lake zito ikafika mahali pake, valvu za silinda ya kwanza zote mbili zimelala. Ukafungua bomba la kwanza, ukafunga pale kamrija kako kenye shingo ya bata. Nilikuwa nimesimama na birika la chai. Dizeli ikatiririka, ukawa unailaza pampu kuelekea injini polepole, mtiririko ukawa matone, matone yakahesabika, mwisho likabaki tone moja linaning'inia, halidondoki. Ukasema moyo wake uko hapa. Ukakaza, ukachukua tindo, ukakata mstari. Mirghani akakubusu kichwani, akasema mkono wa mjomba haujawahi kukosea.

Mimi sikuwa na habari na mstari. Nilikuwa namtazama mke wake, tumbo limeshuka, na nilikuwa nimemwomba mwanangu angoje mtoto azaliwe. Nilimwomba mara tatu. Akanitania, akasema mtoto si basi, hawezi kuniacha kituoni.

Mkala, mkalala. Wewe ulikoroma chini ya mtende.

Mlidhani mimi ni wa birika tu. Miaka ishirini niliwaletea chai wewe na mume wangu kando ya shimo la gereji, mkisema pampu ikilazwa kuelekea injini dizeli inawahi, ikivutwa nje inachelewa, lori linatoa moshi mweupe na kukosa nguvu. Masikio ninayo. Nilichukua spana kwenye sanduku lako, nikalegeza nati, nikaivuta pampu nje unene wa ukucha, nikakaza kwa nguvu zangu zote, spana ikateleza ikala kona. Nilijua atafika mwisho wa mashamba, aone moshi, aone lori halivuti, arudi kukutukana. Ungetengeneza kesho yake, au kesho kutwa. Siku mbili tu nilizitaka. Sikutaka kitu kingine duniani.

Niliketi mlangoni nikingoja arudi. Nilipika na chakula chake.

Hamdan, aliyepona kwa kubaki kivulini mwa lori, ndiye aliyenieleza matangani. Alisema moshi waliuona mapema, na yeye alimwambia Mirghani warudi. Mirghani akakataa. Akasema pampu kaiweka mjomba leo asubuhi, kwa hiyo kosa si la pampu, ni dizeli imeingia maji, ikipata moto itakaa sawa. Wakaendelea. Kwenye mchanga mzito injini ikachemka, wakaijaza rejeta maji ya kunywa, ikachemka tena, wakajaza tena. Siku ya pili Mirghani akaondoka kwa miguu kutafuta kisima, akapatikana amekufa kwa kiu.

Umeelewa, Dafalla? Hesabu yangu yote ilitaka akutilie shaka. Hakukutilia shaka hata kidogo. Aliamini mkono wako mpaka maji yakaisha.

Na mimi, nilipokwisha kuyasikia hayo, nilitoka mbele ya watu waliokaa msibani nikasema mikono ya ndugu yangu ndiyo iliyomzika mwanangu. Ulikuwa umekaa pale. Uliinamisha kichwa, hukujitetea, ukaondoka mjini kabla ya arobaini. Nilikuwa na kiburi na woga, na viwili hivyo vikikaa nyumba moja, ukweli hulala nje. Nakuandikia yalivyokuwa. Radhi siombi, sijui ningeombaje.

Jana mchana nilimwambia Awad yote haya, huku amesimama kando ya Naga. Hakunipigia kelele, heri angepiga. Aliuliza jambo moja, kama baba yake alipata kujua. Nikamwambia hapana. Akaketi kwenye gurudumu la mbele, palepale ninapomwaga maji. Kisha akainua uso, akaniuliza nani anawasha lori. Pampu ni kavu, Dafalla, bomba la kwanza limefunguliwa, betri hakuna. Nikamwambia kaa, sikiliza, ni baba yako. Tukasikiliza wote wawili.

Amesema hataigusa pampu mpaka aje yule aliyeukata mstari, na asipokuja, lori litabaki na kuku. Kamrija kako kenye shingo ya bata amekapata chini ya kiti, amekasafisha. Ijumaa hii, watu wakitoka msikitini, nitasimama nje ya mlango niseme niliyokuandikia, kwa sauti, walionisikia siku ile wengi bado wako hai. Sitakungoja wewe kwa hilo. Ukija, usinisalimie kama moyo hautaki. Pita moja kwa moja nyuma ya ukuta, kijana anakungoja, na chai nitaiweka kizingitini nirudi ndani.

Nisalimie mkeo na watoto, mwambie dereva nimemshukuru kwa mzigo. Funika kifua jioni.

Sasa fungua kifurushi. Ni ya kumi na tatu. Ilikuwa chini ya godoro langu, naipaka mafuta kila mwaka isiote kutu. Hamdan hakuwahi kukuibia kitu.

Dada yako,
Sittana bint Khidir