Pamba ya Mama Kulwa

Shinyanga, Jumanne, 17 Juni

Kicheko cha mama bado kiko masikioni mwangu. Tangu kiharusi kimpooze mkono wa kulia, hajawahi kucheka hivyo akiwa na mimi.

Nimerudi kutoka kazini nikamkuta na jirani yetu, Mama Kulwa, wakichambua pamba. Vidole vya mama ambavyo kwangu havikunjiki vilikuwa vinavuta nyuzi.

"Daktari wa mazoezi, ule mpira wako wa kuminya wape watoto wacheze!" Mama Kulwa akanitania.

Nilitabasamu. Moyoni niliungua.

Bibi alipopooza mguu, kwanza waganga walimchanja chale. Baadaye hospitali wakamwambia alale tu, asijisogeze, na misuli ikasinyaa. Mimi nimesomea mazoezi tiba ili hayo yasimpate mama, halafu mwanamke asiyejua jina la msuli hata mmoja...

"Wewe unanipima, mwanangu," mama aliniambia tulipobaki wawili. "Mwenzako ananipa kazi."

Naona wivu, na wivu wenyewe unanitia aibu. Lakini vidole vimesogea.

Jioni nimekwenda kwa Mama Kulwa, nikapiga goti na kumpa shikamoo. Nimemwomba aje na pamba kila asubuhi, nikishatoka kwenda kazini.