Mti Aliokuja Nao Mama Mkwe

Bunda, Jumanne, Oktoba 1974

Amerudi, asante Mungu. Mama mkwe alitoka alfajiri bila kuaga, nami mchana kutwa nikawaza fisi tu. Kumbe alikwenda kwenye boma letu la zamani, tulikotolewa mwaka huu kuletwa hapa kijijini, kuutazama mti wa maua mekundu. Ukichipua majani ndipo tunapandaga mtama. Bwana shamba yeye anataka tupande kesho, kalenda imesema.

“Bado haujachipua,” alisema mama mkwe. “Mbegu ikae ndani.”

Nilitaka kumfokea. Halafu nikaona fimbo aliyokuja akiiegemea ni tawi bichi la mti uleule. Akalichimbia nyuma ya jiko.

“Litashika hili. Mwakani sitembei tena, mwanangu.”

Mbegu nimeirudisha kibuyuni. Maji yangu ya kuoga nimelimwagia tawi.