Kikaratasi cha Kwenye Kitako

Trub, Jumatatu

Kaka Reto,

Barua yako imefika, nasi huku tu wazima. Ng'ombe wameshapanda malisho ya juu, na paa la zizi halivuji tena.

Jana yalikuwa mashindano ya shabaha ya wilaya. Nilikwenda na ile bunduki ya jeshi ya marehemu baba. Hannes, mwenyekiti wa chama chetu cha shabaha, akanicheka mbele za watu: "Dada Vreni, hilo gobore litakulipukia! Chukua bunduki ya kisasa, bwana!"

Nikamwambia, "Wewe hesabu pointi, Hannes. Maneno baadaye."

Mita mia tatu, risasi kumi na nane, nikapata pointi sitini na nane kati ya sabini na mbili. Yeye alipata sitini na moja. Alininunulia soseji na bia huku amenuna.

Sasa hilo uliloandika, la kwamba bunduki ya baba ni haki ya mtoto wa kiume, na kwamba unakuja Agosti kuichukua. Jana mvua ilitunyeshea, kwa hiyo jioni nilifungua bamba la chuma la kitako cha bunduki ili nikaushe ubao. Unajua kila askari huweka humo kikaratasi chenye jina lake. Cha baba kimo. Ila jina lake amelikata kwa mstari mmoja, na chini yake, kwa mwandiko wake uleule wa kulala, ameandika langu.

Karibu sana Agosti. Njoo na bisibisi, ujisomee mwenyewe.

Dada yako,
Vreni