Gemu ya Mzee Wambura

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nimefungua duka, nimefuta redio vumbi, nimepanga betri. Umeme ulikuwepo mpaka saa sita. Wateja wachache. Idi imekula hela za watu.

Mchana kaingia Mzee Wambura kutoka Bunda. Sikumtegemea. Alikuwaga msimamizi wangu kwenye kiwanda cha nguo, idara ya kufuma, kabla hawajatupunguza sote. Amebeba gemu ya televisheni, ile aliyoinunua hapahapa kwa Baba Mdogo wangu, mwenye duka, kwa kiinua mgongo chake. Amefungua chumba Bunda, watoto wanalipia kucheza. Ndiyo kazi yake sasa. Gemu imekufa: taa inawaka, picha haiji.

Alifurahi kunikuta kaunta. "Kumbe uko hapa, Zuhura! Basi mimi sina wasiwasi."

Waranti ni miezi mitatu, muda bado upo. Nimeipokea. Nimemwambia aje Ijumaa ya wiki ijayo.

Ijumaa, 17 Machi

Amekuja. Gemu haijaguswa. Fundi Sefu anahangaika na deki ya video ya mkubwa mmoja wa hapa mjini. Baba Mdogo akaninong'oneza: mwambie imepelekwa Mwanza kwa wakala. Nikamwambia. Ilitoka kirahisi, kama kusema karibu. Mzee akashukuru.

Gemu ilikuwa chini ya kaunta, inanigusa mguu.

Jumanne, 28 Machi

Leo nimejua. Gemu ya mzee haikuwa na ugonjwa mkubwa. Waya mmoja tu uliachia. Bodi yake nzima kabisa. Baba Mdogo kamwamuru Sefu aitoe, aiweke kwenye gemu ya mtoto wa yule mkubwa, iliyounguzwa na umeme. Limebaki ganda.

Nilitaka kusema neno. Sikusema. Naishi kwa Baba Mdogo, Makoko, nakula kwake. Mama yangu kule Bweri anategemea ninachompelekea. Hizo ndizo sababu zangu. Nikizisoma hapa hazitoshi.

Jumamosi, 8 Aprili

Mvua. Mzee kafika amelowa mpaka magotini. Basi lao lilikwama njia panda ya Butiama, abiria wakashuka kusukuma.

"Mwanza wanasemaje, mwanangu?"

Nikasema wanasubiri spea kutoka Dar. Leo hakuna aliyenituma, Baba Mdogo hata hakuwepo. Nimeongeza mwenyewe.

Chumba chake kimefungwa. Mama Bhoke, mkewe, amerudi kuuza dagaa sokoni. Aliyasema bila kulalamika. Angelalamika ningepumua kidogo. Akauliza jina la wakala na barabara. Nikataja jina lililonijia kichwani, na barabara moja ninayoijua Mwanza. Alirudia jina mara mbili ili asilisahau.

Naona aibu. Kiwandani nilipatwaga na malaria. Siku moja nilianguka pale pale mashineni. Huyu mzee alinilaza juu ya marobota, akanifunika kwa kitambaa cha marekani, akaziangalia mashine zangu mpaka kengele ikalia. Wakubwa hawakujua.

Jumatano, 19 Aprili

Baba Mdogo kasema waranti ya Wambura imeisha. Alisema huku anatabasamu.

Nilidhani nafichia uzembe. Kumbe nilikuwa nammalizia mzee muda wake. Zile njoo kesho zote ni kazi hiyo, na mdomo ulikuwa wangu.

Sijala. Nimesingizia tumbo.

Jumamosi, 22 Aprili

Naandika yote kama yalivyotokea.

Duka lilikuwa limejaa. Mzee kaingia na begi begani. Katoka Mwanza. Amekwenda kweli! Kaipanda na kuishuka barabara ile, kauliza duka kwa duka, kalala kwa mtu wa kwao. Na alipofika akaniomba radhi mimi. "Huenda nilisikia vibaya jina, Zuhura. Masikio yamezeeka."

Baba Mdogo akadakia. Waranti imekwisha, mzee. Sisi Mwanza tulipeleka. Wameipoteza wao, si sisi. Mzee hakupandisha sauti. Alisema anataka kuelezwa tu. Watu wakaacha kuchagua vitu, wakasikiliza. Baba Mdogo akanigeukia.

"Aliyeshughulika nayo ni huyu. Zuhura, mwambie. Tuliipeleka Mwanza, hatukuipeleka?"

"Hatukuipeleka."

"Unasema?"

"Hatukuipeleka, Baba Mdogo. Bodi yake tumemwekea mtu mwingine. Na huyo wakala nilimtunga mimi."

Mwanamke aliyekuwa ameshika redio akairudisha kaunta, akatoka. Baba Mdogo akacheka peke yake. Kisha akapanda kwenye stuli, akashusha gemu mpya iliyo ndani ya boksi, akaisukuma mbele ya mzee. Mzee akaomba ijaribiwe. Picha ikaja. Akaifunga kamba taratibu.

Nikasema, "Nisamehe, mzee."

Alinitazama. "Mwanza kila duka waliniambia nimetapeliwa. Nikawa nabishana nao. Nawaambia hapana, pale Musoma yupo binti yangu."

Akatoka.

Nilidhani nikisema ukweli nitapata nafuu. Sijapata.

Jumatatu, 24 Aprili

Baba Mdogo hakunifukuza kwa maneno. Ufunguo wa duka kampa mkewe, basi. Nimefunga nguo zangu nikaenda Bweri. Nikamwambia mama biashara imekuwa mbaya.

Uongo tena. Kwa mama.

Jioni nikamrudia, nikamweleza yote. Alikuwa anapepeta mtama. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo haukusimama.

Jumamosi, 13 Mei

Nimekwenda Bunda. Nilisikia wanaochambua pamba wataandika vibarua. Bado, wanasema mpaka msimu uanze.

Miguu ikanipeleka nyuma ya soko, kwenye chumba cha gemu cha mzee. Sikuuliza njia, kelele zilinielekeza. Mlango wazi, pazia limeshushwa, watoto wanazozana ndani, mmoja analia kuwa zamu yake imerukwa. Sauti ya Mzee Wambura inawapanga, wewe baada ya huyu, wewe ngoja. Hivyo hivyo alikuwaga anatupanga sisi mashineni.

Mama Bhoke alitoka kumwaga maji. Akaniona nimesimama. Sijui kama amenijua. Nilimwamkia, akaitikia vizuri.

"Karibu ndani, mwanangu. Mzee yupo."

Nikasema asante mama, nina haraka.

Sikuwa na haraka. Nimekaa stendi mpaka alasiri, mabasi mawili ya Musoma yakaondoka, ndipo nikapanda.